Kigoda Kitupu Hakikatai

Mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga juu ya maharage, nasi tuliusikia bila kuuona, kwa kuwa umeme ulikatika kabla sijajua kiberiti kiko wapi. Katika giza hilo la saa moja jioni ndugu yangu Togolani aliingia na rafiki yake Mchome. Wakampa Bibi shikamoo kwa kukisia alipoketi, kisha wakaendelea na mazungumzo waliyotoka nayo njiani. Wote wawili ni vijana wa chama cha upinzani katika kata yetu. Kesho yake ulikuwapo mkutano wa kata kuhusu kuhamisha soko, na wao walikwisha kupanga: diwani wa chama tawala akianza tu kusoma mpango wake, wapinzani wote watainuka kwa pamoja na kutoka, wamwachie uwanja mweupe.

Bibi Eliwaza, mama wa mume wangu, alikuwa amempakata binti yangu Kunda. Nilipowasha kandili akasema kama mtu anayejisemea:

"Kigoda kitupu hakikatai."

Mchome akauliza methali hiyo imetoka wapi, maana hata kwa walimu wake hakuwahi kuisikia. Bibi akasema walimu wasingeijua, kwani ilizaliwa kijijini kwao Vumbwe, juu milimani Upare, na siku ilipozaliwa yeye alikuwapo, msichana mkubwa lakini bado hajaolewa. Vijana wakavuta mkeka. Nayaandika hapa kwa maneno yake mwenyewe, nikipunguza tu pale aliporudia.

Mwanzo wake ulikuwa huu.

Vumbwe kuna ndiva. Ndiva ni bwawa walilojenga wazee wa zamani kwa mawe na udongo. Maji ya chemchemi hujikusanya humo usiku, na asubuhi tundu lake huzibuliwa, yakateremka kwa mfereji mpaka mashambani. Kila kitongoji kina siku zake. Kitongoji cha Chini, kilicho mbali na chemchemi kuliko vyote, kilikuwa na Jumanne na Ijumaa.

Mambo ya ndiva yalizungumzwa kila baada ya wiki nne, siku ya Jumamosi, kwenye uwanja ulio chini ya ukuta wake. Benchi hapakuwa nalo. Kila mtu mzima alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani, na vigoda vya Vumbwe vilijulikana kama nyuso za watu: hiki mguu wake umefungwa waya, ni cha fulani, kile kimechongwa na babu wa fulani kabla hajaoa. Wala hatukupiga kura kwa mikono. Swali likiulizwa, aliyekubali alibaki ameketi. Aliyekataa alisimama, akakipindua kigoda chake miguu juu, akakaa wima kando yake mpaka karani apite kuhesabu miguu iliyoangalia mbinguni.

Mtu akipata dharura, mtoto analia au mbuzi amekata kamba, aliondoka na kukiacha kigoda mahali pake, nacho kikahesabiwa kwamba mwenyewe yupo, ameinuka tu. Lakini kuondoka na kigoda mkononi kabla mkutano haujafungwa ulikuwa mwiko mkubwa. Hivyo ndivyo alivyofanya mtu anayehama kijiji, na waliobaki walimwaga maji kwenye nyayo zake ili asirudi. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililowaponza watu.

Vyama vingi vilipofika, tuligawanyika kama kila mahali. Baba yangu, Mzee Mbonea, alikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa chama cha Taa, na Taa ndiyo iliyotawala kuanzia wilayani hadi mlangoni kwetu. Katika Kitongoji cha Chini karibu nusu ya watu walijiunga na chama kipya kilichoitwa Kengele. Kiongozi wao alikuwa Kajiru, aliyewahi kuwa mwalimu akaacha, mtu wa sauti na hotuba ndefu. Akihutubia, kuku walipanda juu ya miti wakidhani kumekuchwa. Katibu wake alikuwa Nakijwa, mjane wa miaka thelathini na kitu, aliyejifunza kuandika vizuri ukubwani, katika madarasa ya jioni kanisani. Nakijwa alikuwa na kipande cha tangawizi kule chini, mwisho kabisa wa mfereji. Yeye na wanawe watatu hawakuwa na kitu kingine duniani; vyote walivyotegemea vilikuwa ndani ya udongo ule. Na mwaka ule mvua za vuli zilinyesha siku tatu, zikakoma.

Baba naye alikuwa na lake. Wakati wa kampeni Taa iliahidi shamba la mfano, na likalimwa kweli, juu kabisa karibu na ndiva, kabichi na karoti mistari imenyooka. Wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kulitazama. Baba hakuwa mtu mbaya, nawaambieni, wala sisemi hivyo kwa kuwa ni mwanawe. Aliogopa tu kuwaonyesha wageni majani yaliyolala. Kwa hiyo akaleta mkutanoni pendekezo kwamba maji ya Jumanne na ya Ijumaa yaende shamba la mfano mpaka mavuno.

Kajiru alisimama akasema, na alisema vizuri. Alianza na uhuru, akapitia katiba, akafika kwenye damu ya wazee. Alipokuwa bado hajayafikia maji, Baba akamwomba kwa adabu afupishe. Kajiru akasema kama ni hivyo, Kengele haitashiriki uovu huo. Akatoa kengele ndogo mfukoni akaitikisa, na watu wake wote, zaidi ya sabini, wakainuka wakatoka wakiimba. Nakijwa alikuwa katikati yao. Aliniambia baadaye kwamba moyo wake siku hiyo ulikuwa mwepesi kama wa bibi harusi. Hajawahi kuimba vile.

Vigoda wakaviacha, maana nani angetaka kumwagiwa maji kwenye nyayo.

Baba alingoja. Alingoja mpaka wimbo ukateremka bondeni, ukapinda kona, usisikike tena. Ndipo akauliza swali. Waliokuwapo wengi wao walikuwa watu wa Taa, wakabaki wameketi. Na wachache waliokuwa na shaka walitazama huku na huku, wakaona hakuna wa kuanza, wakabaki wameketi vilevile. Karani akapita mistari yote, vya watu na vitupu, akaandika: vigoda mia mbili na kumi, vilivyopinduliwa hakuna.

Jumanne Nakijwa aliamka mapema, akafungua njia ya maji kwa jembe, akangoja. Akadhani mtunza ndiva amelala. Jua lilipofika utosini akapanda mwenyewe mpaka juu, na mtunza ndiva, mzee mmoja mpole aitwaye Kilave, akamwonyesha karatasi ya uamuzi. Jioni hiyo wakaja nyumbani kwetu, Kajiru, Nakijwa na wengine kama kumi. Baba alikuwa anakunywa uji. Akawakaribisha, nami nikaambiwa nilete viti.

"Mzee, sisi hatukukubali," Kajiru alisema. "Tulitoka mbele ya macho yako."

"Nyinyi mlitoka," Baba akajibu. "Vigoda vyenu vilikaa. Nimevitazama kimoja kimoja, kumbe vina adabu kuliko wenyewe. Hakuna kilichopinduka."

"Utahesabuje mbao kuwa ni watu?"

"Ndivyo walivyohesabu babu yako na wangu." Baba akaweka kikombe chini. "Kigoda kitupu hakikatai, Kajiru. Karibuni uji."

Vijana wa Taa waliokuwa barazani wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake neno hilo lilikwisha kufika kisimani. Mtu wa Kengele akipita, atasikia nyuma yake, "Kigoda kitupu hakikatai." Watoto wakawaimbia watoto wenzao. Kwa hiyo mjue kwamba methali hii haikuanza kama hekima. Ilianza kama kejeli, na aliyeitoa ni baba yangu, akiwa na kikombe cha uji.

Watu wa Kengele wakakutana uani kwa Nakijwa. Haya ya huko mimi sikuyaona. Nilisimuliwa na Nakijwa mwenyewe tulipokuwa tumekwisha zoeana. Kajiru alikuwa na mashauri mawili. La kwanza, wasusie mikutano yote kuanzia sasa, watawala wabaki peke yao mpaka waaibike. La pili, ambalo alilisema kwa sauti ya chini, vijana waende wakabomoe tundu la ndiva.

Wengi waliitikia kwa vichwa. Wamechekwa wiki nzima, na mtu aliyechekwa hupenda shauri lenye kishindo. Nakijwa alikuwa akichambua mboga. Siku hiyo alikuwa ameona majani ya tangawizi yake yameanza kugeuka rangi kwenye ncha.

"Tukisusia, watachoka na nini, kaka?" aliuliza. "Maji wanayo wao. Mwenye kiu ndiye anayechoka."

Kajiru akamwambia kwamba siasa siyo bustani.

"Kwangu ni bustani. Na ndiva tukiibomoa, Jumanne maji yatakuwa ya nani? Ya korongoni." Akaendelea kuchambua. "Wametucheka, sawa. Lakini mzee yule ametwambia jambo la kweli bila kutaka. Kigoda kikiachwa ni chao. Kikikaliwa ni chetu. Mimi mkutano ujao nakwenda, nakaa, siinuki mpaka ufungwe, hata wakinitukana ukoo."

Walibishana sana. Wapo waliosema Nakijwa amenunuliwa, na wapo waliosema mwanamke ni mwoga. Mwisho Kajiru akakubali shingo upande: watajaribu mkutano mmoja, wakishindwa watafanya analotaka yeye. Na hapo ndipo Nakijwa akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Wakikaa, wakavipindua vigoda vyao vyote sabini na kitu, je, vitatosha? Havikutosha. Ili wapite nusu palihitajika vingine zaidi ya thelathini, na hivyo vilikuwa katika nyumba za Taa.

Basi zile wiki zilizobaki Nakijwa alitembea. Hakwenda na bendera wala kengele. Alikwenda na kalamu na daftari la mwanawe, akaingia nyumba hadi nyumba, akiuliza swali moja tu: shamba lako la chini lina nini, na limebakiza siku ngapi? Alijua, na sisi tulijua ila tulikuwa tumesahau kwa sababu ya bendera, kwamba mashamba ya chini hayakuwa ya watu wa chini peke yao. Nusu ya Vumbwe ilikuwa na vipande kule, urithi wa mabibi. Alifika hata jikoni kwetu. Baba alikuwa wilayani. Mama akampa kigoda, wakazungumza habari za mafua ya watoto, za kuni, za ndoa fulani iliyovunjika. Nakijwa akauliza swali lake. Mama akajibu kwamba ana maharage, na kwamba yamebakiza wiki tano kama yatapata maji. Nakijwa akaandika, akashukuru, akaondoka. Hakumwomba kitu. Mama alikaa kitambo akiutazama moto, kisha akaniambia nisimwambie baba nani amekuja, kwani yeye hajauliza.

Jambo jingine alilofanya ni kwenda kukaa juu. Jumanne mbili na Ijumaa mbili alipanda mpaka shamba la mfano, akaketi ukingoni akifuma kama mwanamke aliyepumzika, akatazama. Akaona kwamba ilipofika saa sita mchana matuta yote yamekwisha shiba. Baada ya hapo maji yaliachwa tu, yakatafuta njia yake, yakamwagikia korongoni mpaka jioni. Wakati huo tangawizi yake, huko chini, majani ya safu za mwisho yalikuwa yamekunjamana kama karatasi. Aliyaona maji yale yakipotea, akaumia kweli. Lakini hakupiga kelele. Alimwita Mzee Kilave, akamwomba naye atazame.

Siku ya mkutano ikafika. Nakijwa aliwaambia watu wake wasikae kundi moja kama ng'ombe wa mnada. Kila mmoja aketi karibu na jirani yake wa shamba, awe wa chama gani. Nao wakatawanyika uwanja mzima, kila mtu juu ya kigoda chake, kimya. Ukimya huo uliwatia watu wa Taa wasiwasi kidogo. Walikuwa wamekuja kutazama watu wakitoka.

Kijana mmoja wa Taa hakuvumilia. Akaita kutoka nyuma, "Shemeji Kajiru, njia iko wazi. Mbona leo mnachelewa? Au tuwashike mkono?"

Watu wakacheka. Nikamwona Kajiru shingo inamtuna. Mkono ukaingia mfukoni, kwenye kengele. Akainuka. Nawaambieni, pale ndipo mambo yote yalipokuwa yameshikwa na uzi. Angetoka, wangemfuata, ndio mazoea yao, na vigoda vyao vingebaki kuitikia. Watu wake walikwisha kuanza kukusanya kanga na kofia.

Nakijwa hakugeuka hata kumtazama. "Kaa, kaka," alisema polepole. "Wanangoja utoke."

Kajiru alisimama hivyo kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha akaketi, kama mtu anayekalia siafu. Nimewasikia watu wakisifu hotuba zake zote, na zilikuwa nyingi, lakini kwangu kitendo kikubwa alichofanya katika siasa ni kule kuketi.

Karani akasoma muhtasari wa mkutano uliopita. Kwa kawaida Baba huuliza kama ni sahihi, na uwanja mzima huitikia "Sahihi" kabla hajamaliza kuuliza, watu wakiwaza mengine. Siku hiyo Nakijwa akasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo hamjaimba."

"Leo tumekuja na masikio, mzee. Naomba karani arudie pale pa hesabu."

Karani akarudia: vigoda mia mbili na kumi, vilivyopinduliwa hakuna. Watu wakajiandaa kusikia ugomvi.

"Hapo ni sahihi," Nakijwa akasema. "Hatubishi. Kosa lilikuwa letu, tuliviacha. Ulitwambia kigoda kitupu hakikatai, nasi tumelipokea neno lako. Sasa naomba uliulize swali lile lile tena, leo, vigoda vikiwa na watu juu yake."

Baba akasema swali limekwisha kujibiwa na maji yamekwisha kwenda. Nakijwa akamgeukia Mzee Kilave, akamwuliza kwa heshima, kwa desturi ya ndiva, muhtasari usiothibitishwa ni uamuzi au si uamuzi? Mzee Kilave hakupenda kutiwa kati. Alikuna kidevu. Lakini aliitunza ndiva ile miaka arobaini, na hakujua kusema uongo juu yake. Akasema kwamba mpaka uwanja uitikie "Sahihi", jambo huwa bado liko mlangoni.

Baba akatafuta pa kupitia. "Na shamba la mfano? Wageni wakija niwaonyeshe vumbi? Nyinyi Kengele kazi yenu ni kukataa tu."

Nadhani alitaka hasira, kwa sababu hasira alijua kuiendesha. Nakijwa akafungua lile daftari. Akaeleza alichokiona zile siku nne, saa maji yanapofunguliwa, saa matuta yanaposhiba, na muda ambao maji humwagika korongoni. Akamwomba Mzee Kilave aseme kama ni uongo. Siyo uongo, Kilave akasema. "Basi shamba la mfano lipewe Jumanne mpaka saa sita mchana," Nakijwa akasema, "maji hayo yanatosha na kabichi zitanenepa. Kuanzia saa sita, na Ijumaa nzima, maji yateremke chini. Hatumnyimi mgeni wa mtu. Tunaomba yale ya korongoni."

Nikasikia watu wanavuta pumzi. Maana mtu aliyekuja kukataa na mfuko mtupu ni rahisi kumfukuza. Huyu alikuja na jambo mkononi, na jambo lenyewe halikumvunjia mtu heshima.

Baba akauliza swali. Ni nani anayekataa uamuzi ule wa kwanza?

Nakijwa akainama akakipindua kigoda chake. Kajiru akakipindua chake. Kisha wale wengine sabini, huku na kule, wakiwa wamechanganyika na majirani. Halafu hakuna kingine kilichopinduka, na hesabu ilikuwa bado haitoshi, kila mtu aliyejua kuhesabu aliliona hilo. Nakijwa alisimama mikono yake imeshikana mbele. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule hakuwaza chama. Aliwaza safu nne za tangawizi zilizokuwa bado na kijani.

Kisha mzee mmoja wa Taa, mwenye migomba kule chini, akajikohoza, akasimama, akakipindua cha kwake bila kumtazama mtu. Wanawake wawili wakafuata. Na halafu mama yangu, katika mstari wa mbele, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akainuka, akakilaza kigoda chake taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, miguu juu.

Baba akamtazama. Uwanja wote ukamtazama.

"Mimi ni Taa mpaka nife," Mama akasema. "Maharage yangu hayana kadi."

Hapo vicheko vikatoka pande zote, na ndani ya vicheko hivyo vigoda vikaendelea kupinduka. Karani alipomaliza akasoma: mia moja na ishirini na mbili, miguu juu. Baba alikaa kidogo mikono magotini. Angeweza kuuvunja mkutano. Askari wa mgambo walikuwapo, na wilayani alikuwa na marafiki. Lakini alikuwa mbele ya watu wote mia mbili waliokuwa wameketi au kusimama mahali pao, kimya, hakuna aliyemtukana, na mtu huona tabu kuvunja mkutano ambao haujamfanyia fujo. Akamwambia karani aandike kama Nakijwa alivyoomba. Nyumbani usiku, alipomaliza kula, akamwuliza Mama maharage yatakuwa tayari lini.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilipona. Nusu ya tangawizi ya Nakijwa ilikuwa imekwisha kukauka, safu zote za mwisho. Ile nusu nyingine ikaishi, akavuna, akapata na mbegu ya mwaka uliofuata. Kajiru alinung'unika muda mrefu kwamba walikwenda kudai siku mbili wakarudi na moja na nusu. Nakijwa akamjibu kwamba nusu ya maji hunywesha, lakini nusu ya hotuba hainyweshi hata mchicha.

Tangu hapo Kengele hawakutoka tena mkutanoni. Mara nyingi walishindwa. Walishindwa juu ya barabara, juu ya ghala, juu ya mambo chungu nzima. Lakini kila waliposhindwa iliandikwa ni vigoda vingapi vilipinduliwa na walitaka nini badala yake, na watu wakaanza kuyasoma yale maandishi, wakaona mengine yalikuwa na maana. Uchaguzi wa pili baada ya hapo, Kengele wakachukua kijiji. Kajiru akawa mwenyekiti.

Na unajua alianza na nini? Mkutano wake wa kwanza alileta pendekezo la kuwanyang'anya watu wa Kitongoji cha Juu maji ya Jumatatu, kwa sababu wengi wao ni Taa. Alilieleza kwa hotuba ndefu. Vijana wa Taa wakapandwa na hasira, wakaanza kuinuka watoke, na mmoja alikwisha kuanzisha wimbo.

Baba yangu alikuwa amezeeka wakati huo, mguu mmoja haumtii. Alikuwa ameketi mbele, juu ya kigoda chake. Akanyoosha fimbo yake ikaziba njia.

"Kaeni chini," alisema. "Neno lile nililitoa mimi, nalijua uzito wake. Kigoda kitupu hakikatai."

Wakaketi. Baba akamwomba Kajiru, kwa adabu, amsomee tena pendekezo lake. Kisha akajiinua kwa tabu, akakipindua kigoda chake, akasimama kando yake akiegemea fimbo. Kajiru alimtazama yule mzee, akamtazama Nakijwa aliyekuwa ameshika daftari la katibu. Kajiru akasema jambo hilo litazamwe upya, na halikuletwa tena.

Tangu siku hiyo methali hii haikuwa ya Taa wala ya Kengele. Imekuwa ya mtu yeyote aliyeshindwa na bado ana jambo la kusema.

Bibi akaishia hapo. Kisha Togolani akauliza, je, kama watakaa kesho mpaka mwisho, na bado wakashindwa?

"Mtashindwa, labda," Bibi akamjibu. "Hao wana watu wengi kuliko nyinyi. Lakini itaandikwa kwamba mlikataa, na kama mna akili, itaandikwa pia mlitaka soko liwe wapi. Mmekwisha kuongea na wauza nyanya?"

Hawakuwa wameongea nao. Mchome akaniomba kalamu na karatasi. Wakasogea karibu na kandili, wakaanza kuandika majina ya akina mama wa sokoni watakaowapitia alfajiri kabla ya mkutano, wa chama chao na wasio wa chama chao. Walibishana kwa sauti ya chini. Nikaepua sufuria.

"Kigoda kitupu hakikatai," Bibi akasema tena, na safari hii Togolani aliitikia kwa kichwa, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Kunda, ambaye tulidhani amekwisha kulala, alijiinua mapajani mwa bibi yake na kusema, "Mjomba, kesho ukakae mpaka mwisho."